Mifuko ya Goyo: nani alichukua nini Tirad

Jumamosi tarehe 2 Desemba 1899, milimani kaskazini mwa kisiwa cha Luzon huko Ufilipino, pigano limeisha na ripota wa Chicago Tribune anaitwa Richard Henry Little anawaangalia askari wa Marekani wakipita njiani. Mmoja kavaa suruali ya marehemu. Mwingine kachukua viatu. Kuna mwenye vifungo vya mikono ya shati, kuna sajini mwenye chuma kimoja cha kisigino, vile vya kumchochea farasi, na cha pili anacho luteni, kuna mwenye kitambaa cha mkononi, kuna mwenye alama za cheo za mabegani. Little akaandika kwamba ghafla likamjia wazo, kitu pekee walichomwachia yule bwana ni utukufu wake, vingine vyote wamebeba.

Yule bwana ni Gregorio del Pilar, kwao wanamwita Goyo, brigedia jenerali, miaka 24. Alikuwa ametimiza hiyo 24 wiki mbili na ushee tu kabla, tarehe 14 Novemba.

Kisa hiki kikisimuliwa mara nyingi kinasimuliwa pigano, mlima, ushujaa, wachache dhidi ya wengi, na kweli kuna hayo yote. Mi nataka tukae kwenye mifuko yake. Kwa sababu ukiangalia kilichokutwa mwilini mwa huyu kijana na nani alichukua nini, unapata picha ya mtu ambayo sanamu haiwezi kukupa, afu unaona pia jinsi ile picha ilivyovunjwa ndani ya saa chache na mpaka leo haijaungwa.

Kwanza tuweke mambo sawa kwa asiyejua hii vita. Wafilipino walianza kupigana na Hispania mwaka 1896. Juni 12, 1898 Emilio Aguinaldo, kiongozi wa mapinduzi, akatangaza uhuru pale Kawit. Desemba mwaka huohuo Hispania na Marekani wakakaa Paris wakaandikiana mkataba, Hispania ikaiachia Marekani nchi nzima na Marekani ikalipa dola milioni 20, wenye nchi hawakupewa hata kiti mezani. Februari 4, 1899 risasi zikaanza kati ya Wafilipino na Wamarekani. Wamarekani waliita uasi, Wafilipino waliita vita ya uhuru, na hili jina si jambo dogo, tutalirudia tukifika kwenye sheria maana ndo lilikuwa na kazi kubwa.

Goyo alizaliwa Bulakan, mkoa wa Bulacan, familia ya watu waliosoma ila si matajiri wa kutisha. Baba yake mdogo ni Marcelo H. del Pilar, yule mwandishi aliyekuwa anawachapa Wahispania kwa kalamu na akafia Barcelona Julai 1896. Kijana akasoma Ateneo Municipal huko Manila, mapinduzi yakaanza, akaingia. Januari 1897 akajeruhiwa kwenye pigano la Kakarong de Sili. Baadaye yakaja makubaliano ya kusimamisha vita na Hispania, ya Biak-na-Bato, akaenda uhamishoni Hong Kong na Aguinaldo, wakarudi 1898, na mwaka huo akawa brigedia jenerali akiwa na miaka 22. Ishirini na mbili! Aprili 1899 kikosi chake kilipambana na Wamarekani pale Quingua, siku aliyouawa Kanali Stotsenburg wa Nebraska. Kwa hiyo si kwamba alikuwa jenerali wa mapambo, ingawa mapambo nayo aliyapenda, na hapo ndo mifuko yake inapoanza kusema.

Novemba 1899 jeshi la Aguinaldo limeshavunjika, wameamua kuacha vita ya kupangana uwanjani waende msituni. Aguinaldo anakimbilia kaskazini milimani, na Wamarekani wako nyuma yake. Goyo akapewa kazi ya kulinda mgongo. Sehemu waliyochagua ni Tirad Pass, njia nyembamba inayopanda mlima kwa kujikunja, ukiwa juu unamwona kila anayekuja chini. Walikuwa kama 60. Upande wa pili ni batalioni ya Meja Peyton March, watu kama 300 wa kikosi cha 33 cha wanajeshi wa kujitolea, wengi vijana wa Texas. Saa kadhaa Wamarekani walishindwa kupita njia ya mbele, mpaka mwenyeji mmoja wa milimani, jina lake Januario Galut, akawaonyesha njia ya kuzunguka mpaka mgongoni kwa wale jamaa. Baada ya hapo habari ikaisha. Kati ya wale 60 hivi, 52 waliuawa au kujeruhiwa. Wamarekani walikufa 2 na kujeruhiwa 9.

Namna Goyo alivyokufa kuna hadithi mbili na hazipatani. Moja ya upande wa maripota, kwamba alikuwa wa mwisho kurudi nyuma, yuko juu ya farasi, mlenga shabaha akampata. Nyingine ni ya Telesforo Carrasco, Mhispania aliyekuwa anapigana upande wa Wafilipino na akaandika diari yake, yeye anasema nyasi zilikuwa ndefu, jenerali haoni vizuri, akaamuru waache kupiga, na wakati huohuo Carrasco anampa bunduki na kumwambia ainame kwa sababu Wamarekani wanamlenga yeye, risasi ikamwingia shingoni akafa palepale. Mi naegemea kwa Carrasco. Alikuwa pale pembeni yake, na hadithi yake haina uzuri wowote, jenerali anauawa kwa sababu nyasi zimemzuia kuona. Ile ya farasi imekaa kama picha ya kutundika ukutani.

Sasa vitu. Orodha inayotajwa ni hii: bastola, diari na makaratasi, viatu vya buti na vile vyuma vya fedha vya visigino, koti na suruali, pete za almasi, saa ya dhahabu, alama za mabegani, kitambaa cha kike kilichotariziwa jina Dolores Jose, na kidani cha dhahabu cha kufunguka ambacho ndani kina nywele za mwanamke.

Soma tena halafu fikiria huyu ni mtu ambaye wiki kadhaa alikuwa anapanda milima akifukuzwa. Jeshi limevunjika, kuna njaa, kuna mvua, na mtu ana pete za almasi na visigino vya fedha. Kuna watakaosema huyo alikuwa anajiona. Inawezekana kabisa, waliomjua walisema anapenda kuvaa vizuri na anapenda kuangaliwa, hasa na wanawake. Lakini mi naona kuna kitu kingine. Kijana wa 24 anayeamuru watu wengine wakubwa kwake, ambao wengine walikuwa wananong'ona kwamba cheo kapewa kwa sababu ni kipenzi cha Aguinaldo, anahitaji kuonekana jenerali kabla hajafungua mdomo. Mavazi kwake ilikuwa sehemu ya kazi. Na tusijidanganye kwamba alikuwa malaika, mwaka huohuo baada ya Jenerali Antonio Luna, Mfilipino mwenzao, kuuawa na askari wa Aguinaldo pale Cabanatuan tarehe 5 Juni, Goyo alihusika kuwasaka watu wa Luna, na ndugu wawili wa Bernal waliokuwa wasaidizi wa Luna waliuawa kwenye hiyo operesheni. Hilo wenye sanamu hawapendi kulitaja. Ila mtu mwenye damu mikononi anaweza kabisa kuwa na nywele za mpenzi wake shingoni, hivyo viwili havigombani.

Kile kitambaa nacho kina utata wake. Jina ni Dolores Jose. Wanaofuatilia maisha yake wanamtaja sana Remedios Nable Jose wa Dagupan kama mpenzi wake wa mwisho, na Dolores ni wa nyumba hiyohiyo. Sasa je, alikuwa anatembea na mmoja akamchumbia dada yake, au kitambaa kilikuwa cha dada mtu akapewa tu kwa bahati, au maripota wameunganisha mambo ili ipatikane stori ya mapenzi ya kuuza magazeti? Kwa kawaida hili jambo lingetatuliwa kirahisi sana. Ungeweka kitambaa, zile nywele za kidani, barua na diari mezani kwa pamoja, ungejua. Barua inasema nani, diari inasema lini. Lakini kitambaa kilienda na mtu mmoja, nywele na mwingine, makaratasi na wakubwa. Kila kitu kikabaki bubu.

Na hili ndo jambo langu kubwa kwenye kisa hiki. Watu wakilalamikia uporaji wa maiti wanalalamikia thamani, dhahabu, almasi, au wanalalamikia heshima ya marehemu. Yote sawa. Ila hasara nzito zaidi hapa ni kuvunjwa kwa seti. Vitu vya mfukoni vinaelezana, kimoja kinamtafsiri mwenzake, ukivitenganisha kila kimoja kinageuka kuwa kumbukumbu ya aliyekichukua badala ya mwenye nacho. Kile chuma cha kisigino kilichoenda Marekani hakikuwa tena cha Goyo, kilikuwa cha babu aliyepigana Ufilipino.

Angalia hata ule mgawanyo wenyewe. Vyuma viwili vya kisigino, jozi moja, sajini kimoja luteni kimoja. Nani anahitaji kimoja? Hakuna. Huwezi kukivaa. Hapo utaona hawakuwa wanachukua kwa shida, walikuwa wanachukua ushahidi kwamba "nilikuwepo". Na luteni alikuwa kwenye foleni ileile na watu wake, yani yule aliyetakiwa kusimamisha ile shughuli ndo naye ana fungu lake.

Twende kwenye sheria kidogo maana kuna watu huwa wanasema enzi hizo ilikuwa kawaida, hakukuwa na sheria. Ilikuwepo. Jeshi la Marekani lilikuwa na Amri Kuu Namba 100 ya mwaka 1863, iliyotungwa na Francis Lieber wakati wa Lincoln, na kifungu chake cha 72 kinasema pesa na vitu vya thamani alivyonavyo mateka mwilini, kama saa na vito, pamoja na nguo za ziada, jeshi la Marekani linavihesabu ni mali binafsi ya mateka, kuvichukua ni aibu na ni marufuku. Saa na vito, vimetajwa kwa jina kabisa! Na hii amri haikuwa imesahaulika kabatini, Desemba 1900 Jenerali Arthur MacArthur wa Marekani aliitumia hukohuko Ufilipino, ila aliitumia kuwabana wapiganaji wa Kifilipino na raia waliowasaidia.

Mwanasheria mjanja atakwambia kifungu kinasema mateka, Goyo alikuwa maiti. Sawa. Basi tuje Hague, Uholanzi, Julai 1899, miezi minne kabla ya Tirad, mataifa yamekaa yakaandika kanuni za vita vya nchi kavu, na kifungu cha 14 kinataka kuwe na ofisi ya taarifa za mateka, ambayo pia itapokea vitu binafsi, vitu vya thamani na barua zilizokutwa uwanja wa vita, ivipeleke kwa wahusika. Barua za uwanja wa vita, yani kitu chenyewe hasa tunachoongelea. Lakini wakati wa Tirad ule mkataba ulikuwa haujaanza kazi, na hata ungeanza, Ufilipino haikutambuliwa kama nchi. Hapo ndo lile jina linapofanya kazi. Ukiita uasi, aliyekufa si jenerali wa jeshi la nchi nyingine, hana serikali ya kudai vitu vyake, hana ofisi ya kupokea. Barua zake zinakuwa karatasi tu zilizookotwa.

Binafsi sina ugomvi na waliochukua bastola. Wala na waliochukua makaratasi, hao walikuwa wanamtafuta Aguinaldo na karatasi za mlinzi wake wa mgongo ni taarifa za kijeshi, jeshi lolote lingechukua. Tatizo langu linaanzia kwenye pete na saa, na linakuwa kubwa kwenye kidani. Nywele za mwanamke hazina siri ya kijeshi.

Diari ina kisa chake peke yake. Maneno yanayonukuliwa sana kutoka humo ni kwamba jenerali wake kamruhusu achague watu bora wanaoweza kupatikana na kamwamuru ailinde ile njia, kwamba anajua kazi aliyopewa ni nzito ya kutisha, lakini anaona huu ndio wakati wa utukufu mkubwa kuliko wote maishani mwake, na anachofanya anakifanya kwa ajili ya nchi yake anayoipenda, hakuna sadaka iliyo kubwa mno. Watoto wa shule Ufilipino wanayajua. Ila yametufikia kwa Kiingereza, kupitia mikono ya waliomuua. Sisemi yametungwa. Nasema tu kwamba kauli ya mwisho ya shujaa wa taifa imechaguliwa na kutafsiriwa na upande wa pili, na walichagua kile kinachopendeza kuchapishwa. Diari ya mtu yeyote ina pia siku aliyochoka, siku aliyokuwa na hasira na wakubwa, pesa anazodai. Hayo hayakuuza gazeti kwa hiyo hayanukuliwi.

Na hapa lazima nimtendee haki Little. Bila yeye tusingejua chochote kuhusu nani alichukua nini. Ile ripoti yake ndo orodha pekee ya maana tuliyonayo, na imeandikwa na mtu aliyeona haya. Hakuwa wa upande wa Wafilipino, alisifia pia batalioni ya March kwa ushindi, lakini aliwataja wabebaji mmojammoja, wawili mpaka kwa majina, Sullivan na suruali, Snider na viatu. Askari wa kawaida wametajwa kwa majina, luteni kabaki luteni tu. Sijui kama ni woga au adabu ila mi nimeiona.

Maiti yenyewe baada ya kuvuliwa ikaachwa pembeni ya njia. Inasimuliwa ilikaa siku mbili mpaka wenyeji wa milimani, Waigorot, wakaifunika udongo kwa sababu ya harufu. Baadaye Luteni Dennis Quinlan, akirudi kwa njia ileile, akamfanyia mazishi ya kijeshi na kuweka jiwe lenye maandishi kwamba hapa kalala Jenerali Gregorio del Pilar, aliyekuwa anaongoza walinzi wa nyuma wa Aguinaldo, ofisa na muungwana. Quinlan anasifiwa sana kwa hilo na anastahili, wengine wote jeshini hakuna aliyejisumbua. Sema tu ofisa na muungwana wa watu alizikwa bila koti lake wala viatu vyake, na jiwe halikurudisha kitu.

Matokeo yake ya vitendo yalionekana 1930, walipokuja kufukua mifupa. Kwa kawaida askari anatambuliwa kwa vitu vyake, vifungo, alama za cheo, pete, saa. Huyu hakuwa na hata kimoja. Inaelezwa walimjua kwa meno, jino la dhahabu na vyuma vya meno alivyowekewa Hong Kong. Kitu ambacho hakuna aliyekichukua ndo kilimrudisha kwao.

Sisi huku hatuhitaji kwenda mbali kuielewa hii. Julai 1898, karibu mwaka mmoja na nusu kabla ya Tirad, Mkwawa alijipiga risasi ili Wajerumani wasimkamate, wakakata kichwa wakakipeleka Ujerumani, na kikarudi Kalenga mwaka 1954. Lakini kichwa cha Mkwawa kiliandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, dola lilijulikana, kulikuwa na wa kumdai. Na Ufilipino wenyewe wana mfano wa namna hiyo, kengele tatu za kanisa la Balangiga, zilizochukuliwa na Wamarekani 1901, mbili zikakaa kambi ya jeshi huko Wyoming na moja ikawa na kikosi cha Marekani Korea Kusini. Desemba 2018 zikarudishwa, baada ya miaka 117 na kelele nyingi. Ilichukua muda lakini mlango wa kugonga ulikuwepo, jeshi ni lilelile na kengele ziko kambini.

Vitu vya Goyo havina mlango. Peyton March alikuja kuwa mkuu wa majeshi ya nchi kavu ya Marekani mwaka 1918, ungeweza kumwandikia barua. Lakini yule mwenye vifungo vya shati alirudi nyumbani akawa raia, na yule mwenye kidani hivyohivyo. Vikaingia kwenye masanduku ya familia, mtoto akaambiwa hii ya babu, mjukuu hakuambiwa. Pete ya almasi inauzwa. Saa ya dhahabu inauzwa au inayeyushwa. Nguo zinaliwa na nondo. Alama za mabegani labda zipo kwa mkusanyaji wa vitu vya jeshi, zimeandikwa tu "ofisa wa Kifilipino, 1899", na kidani kinaweza kuwa sokoni leo kwa bei ya dhahabu yake, muuzaji kashatupa zile nywele kwa sababu zinaogopesha wateja.

Kwa hiyo Ufilipino wana mji wa Gregorio del Pilar huko Ilocos Sur, zamani ukiitwa Concepcion, wana kambi ya Fort del Pilar kule Baguio ambako chuo chao cha kijeshi kinafundisha maofisa, wana sanamu. Seti ya mfukoni hawana. Na ukiniuliza kipi kati ya vile vyote kingeweza kutambuliwa leo kikiibuka kwenye mnada bila karatasi yoyote, bila Little, bila ushahidi wa familia, jibu ni kimoja, kile kitambaa, kwa sababu ndo pekee tunachojua kilikuwa na jina juu yake, na jina lenyewe si la Goyo.